Faridah na Kipimo cha Watu Wasiojuana

Ukifika Kasongo ukamuulizia fundi wa ordinateur, yaani kompyuta, watakuelekeza nyuma ya soko, kwenye nyumba yenye cherehani barazani, nawe utadhani wamekupoteza. Hawajakupoteza. Piga hodi uingie. Yule mama mwenye futi ya mshonaji shingoni na bisibisi mdomoni ndiye mwenyewe. Jina lake Faridah binti Bulaimu, na ukimuuliza kama kweli anatengeneza mashini atakutazama kutoka juu hadi chini, atoe bisibisi mdomoni, akuulize: "Umeleta gauni ao umeleta mashini? Maneno mimi sitengenezi." Mdomo anao, huyu mama. Na mikono pia anayo.

Kushona alirithi. Baba yake, marehemu Bulaimu, aliwavalisha waumini wa Kasongo kanzu kwa miaka arobaini, na sheria yake ilikuwa moja tu: makasi yasiguse kitambaa kabla hayajakata karatasi. Alikuwa akichana mifuko mitupu ya sementi, anainyoosha, anakata kwanza mfano wa kola, wa mkono, wa mgongo, ndipo anageukia nguo yenyewe. Mifano hiyo, ambayo mafundi wa huko wanaiita patron, aliitundika ukutani kwa misumari, na ole wake mtoto aliyeigusa. "Karatasi inavumilia makosa," alimwambia binti yake. "Kitambaa hakivumilii, na mwenye kitambaa ndiyo kabisa."

Mashini ziliingia humo kwa bahati. Mwalimu mmoja aliyehamishwa aliacha ordinateur yake mbovu kwenye kona ya Faridah, kwa sababu kona ile haivuji. Ikakaa mwaka mzima, panya wakaipenda. Siku moja mvua ilizuia wateja, Faridah akafungua vis, yaani skrubu, za ubavuni ili awafukuze hao wapangaji. Ndani akakuta ubao mpana wa kijani, ule wanaouita carte mère, ambao vitu vingine vyote vimechomekwa juu yake. Ubao haukulala chini. Ulisimama juu ya vijiguu vya shaba, na kila kijiguu kilikuwa kimekamatwa na vis kupitia tundu. Matundu tisa. Mtu mwingine angefukuza panya akafunga. Huyu alivuta futi shingoni akapima: sentimita thelathini na nusu, kwa ishirini na nne na kidogo. Halafu, kwa mazoea tu ya mkono, akachukua karatasi ya sementi, akakata patron ya ubao ule, akatoboa matundu tisa kwa sindano ya magunia, akaitundika kwenye msumari wa kola.

Ikapita kama miaka miwili. Wakaja wanunuzi wa dhahabu kutoka Salamabila na mashini yao iliyopigwa na radi. Rangi nyingine, marque, yaani jina la kiwanda, nyingine, na mgongoni imeandikwa nchi nyingine kabisa. Ubao wake ulikuwa umeungua kama mhogo uliosahauliwa jikoni. Faridah akautoa, akabaki na kasha tupu mbele yake, na kwa mchezo tu akashusha ile karatasi yake ukutani, akailaza ndani.

Vijiguu tisa vikachungulia katika matundu tisa. Hakuna hata kimoja kilichokosa, hata kwa unene wa uzi.

Faridah aliketi chini. Kiti kilikuwepo, lakini yeye alijikuta sakafuni. "Subhanallah," akasema. Akainuka, akatoa karatasi, akaiweka tena, maana labda mara ya kwanza alikuwa ameota. Ikaingia vilevile. Akashikwa na kitu kinachofanana na woga, lakini si woga, ni kile kinachomshika mtu aliyesikia jina lake likiitwa na mgeni asiyemjua.

Sasa ninyi mnaokaa mahali penye maduka makubwa mtasema: ajabu iko wapi hapo? Njooni Kasongo mwone. Huku seremala mmoja, kwa mikono yake miwili, akikutengenezea milango miwili katika wiki moja, mlango wa kwanza hauingii kwenye fremu ya pili hata uusukume kwa bega. Ndugu wa tumbo moja wanapelekana kwa chifu kwa ajili ya mpaka wa shamba la mihogo ambao babu yao aliwaonyesha kwa kidole, wote wawili wakiwa wamesimama pale pale. Na hapa wako watu wawili, mmoja pembe hii ya dunia, mwenzake pembe ile, lugha mbali, dini mbali, hawajapeana hata salamu. Mmoja kachonga kasha, mwingine kapiga ubao. Vitu vyao vimekutana nyuma ya soko la Kasongo, vikaingiana. Nani aliwapatanisha? Nani aliwapa futi moja? Faridah alijiuliza siku ile, na mpaka leo hajaacha kujiuliza.

Tangu hapo hakuachia mashini mbovu ipite mlangoni bila kuipima. Akajua kwamba zile mbao zina saizi zake, akazipa majina ya vitenge. Ile kubwa ni piesi nzima. Ya pili, yenye sentimita ishirini na nne na kidogo kila upande, mara nyingine imepunguzwa ubavu mmoja, ni demi-piesi, yaani nusu piesi. Ndogo kabisa, ya kumi na saba kwa kumi na saba, ni leso. Na hapo ajabu ikaongezeka, kwa maana matundu manne ya leso yanaangukia vijiguu vilevile vya piesi nzima! Mwenye kasha kubwa anapokea wageni wote watatu. Mwenye kasha dogo hawezi kumpokea mkubwa, hata amuonee huruma namna gani.

Kisha akapima alimentation, kile kisanduku kinachopokea umeme na kuugawa ndani. Sentimita kumi na tano upana, nane na nusu na kidogo urefu wa kusimama, vis nne mgongoni, mahali palepale, iwe imetoka Ulaya au Uchina. Kichwa chake cha nyaya ishirini na nne kina jino ubavuni, ili mtu asikichomeke kinyume. "Walimufikiria hata mujinga," anapenda kusema Faridah. "Fundi gani wa hapa kwetu anamufikiria mujinga? Sisi tunamungojea akosee, tumucheke."

Usidhani wote walisikilizana. Wako wenye kiburi. Ziko mashini nyembamba, nzuri za kutazama, ambazo alimentation yake imefinywa kwa kipimo cha nyumbani kwao tu. Ikiungua hiyo, hupati nyingine Kasongo, wala Kindu, labda upige magoti. Faridah anazichukia kama mtu anavyochukia mgeni anayekuja na sahani yake.

Ni mashini ya namna hiyo aliyoleta prefe Magloire mwaka jana, mwezi wa tatu, siku ya Alhamisi. Magloire ni mkuu wa shule moja ya sekondari mahali paitwapo Wamaza, kule Kabambare. Alifika juu ya baiskeli, suruali imeloa matope hadi magotini, mashini ikiwa imefungwa mgongoni mwake kama mtoto.

"Mama Faridah," akasema kabla ya kusalimia vizuri, "hii ikikufa, darasa langu limekufa."

"Keti kwanza. Darasa halikufi umesimama."

Akaketi, akaeleza. Shule yake ilifungua section ya informatique, yaani mkondo wa kompyuta, na mwaka huo ndipo ilipokuwa na wanafunzi wa mwaka wa mwisho kwa mara ya kwanza, vijana ishirini na wawili. Inspekteri atafika Jumatatu. Fiche yake, ile karatasi ya ukaguzi, inauliza kama shuleni kuna mashini, walau moja, inayowaka mbele ya macho yake. Ikiwaka, anatia sahihi, vijana wanafanya mtihani wa taifa. Isipowaka, section inafutwa, na wale ishirini na wawili miaka yao imekwenda na maji. Paroko alikuwa amewapa mashini hii, pamoja na kioo na vitufe vya kuandikia vilivyobaki shuleni, ikawaka dakika kumi, ikatoa moshi.

"Na mbele ya hii, walisoma juu ya mashini gani?" Faridah akauliza.

Magloire akatazama chini. "Walisoma tu, mama."

Faridah akafungua. Alimentation imeungua, tena ni ile nyembamba. "Kiburi! Nilijua." Akajaribu ya kawaida, ikakataa kuingia, nene mno kwa kasha lile. Magloire akafunga macho. Lakini Faridah alikuwa ameshashusha patron ya demi-piesi ukutani. Akailaza juu ya ubao. Matundu sita, moja kwa moja. Na kichwa cha umeme kilikuwa cha nyaya ishirini na nne, kama cha watu wote.

"Angalia, prefe," akasema, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Inje kiburi, ndani mutu wa watu."

Kasha lile la wanunuzi wa dhahabu lilikuwa bado konani, wenyewe walishaliacha. Alimentation akaipata sokoni, ndani ya gunia la vitu vya mitumba kutoka Kalemie. Akatazama kwanza kile kitufe chekundu cha mgongoni kama kiko kwenye volti mia mbili na ishirini, maana watu wengi wamelia kwa sababu yake. Ijumaa, baada ya swala, akaunganisha vyote vitatu: kasha la Salamabila, ubao wa paroko, alimentation ya guniani. Vijiguu vitatu visivyo na tundu akavitoa. Vijiguu sita, vis sita. Akabonyeza. Kioo cha Faridah kikawaka. Magloire akapiga ishara ya msalaba ndani ya nyumba ya binti Bulaimu, na hakuna aliyeona vibaya.

Ilibaki barabara. Na barabara ya Wamaza, ndugu zangu, si barabara, ni ugomvi. Mafundi wa Kasongo wana desturi yao: mashini haisafiri nzima. Alimentation inatolewa, maana ni nzito, inaweza kung'oka na kuvunja kila kitu. Inafungwa peke yake. Ubao unabaki ndani ya kasha, lakini unashikiliwa vizuri usicheze. Faridah alipobonyeza ukingo wa ubao kwa kidole akaona unapepea kidogo upande mmoja, kwa kuwa demi-piesi ile ilikuwa imepunguzwa ubavu. Hakupenda. Akafungua vis zote, akaongeza kijiguu kimoja chini ya ule ukingo, akarudisha, akabonyeza tena. Ukatulia. "Sasa hata Dady aruke mito," akasema.

Dady ndiye motari wa pikipiki aliyewapeleka. Magloire alitangulia na baiskeli yake. Watu walimuuliza Faridah kwa nini aende mwenyewe, mama wa miaka hamsini na mbili, siku nzima juu ya pikipiki. Akawajibu kwamba yeye hatoi gauni bila kuona limevaliwa. Akapanda, alimentation mapajani ndani ya kitenge, kasha nyuma yake juu ya godoro dogo. Mara tatu walishuka kusukuma. Mara moja waliingia matopeni wote, lakini kasha Dady aliliinua juu ya kichwa likabaki kavu. Walifika Jumamosi jioni, wakalala.

Jumapili asubuhi Wamaza yote ilikuwa misani. Faridah akafunguliwa darasa, akaingia peke yake kuandaa meza. Ndipo alipoona ukutani.

Vilitundikwa vipande vya katoni, ishirini na viwili. Kila kimoja kimechorwa kwa mkaa na kalamu ya bic, safu kwa safu, herufi kwa herufi: A, Z, E, R, T, Y. Kila kimoja kina jina la mwenyewe juu yake. Vingine herufi zake zilikuwa zimefutika pale vidole vinapogonga sana, zikachorwa upya, zikafutika tena. Katoni nyingine ilikuwa imetoboka penye E.

Vitufe vya kuchora! Miaka yao yote ya section vijana hawa walikuwa wanapiga katoni. Faridah alizigusa moja moja. Yeye baba yake alimtoa shuleni mwaka wa nne kwa sababu cherehani ilikuwa inamngoja, naye hakulalamika sana. Hawa hakuna kilichokuwa kinawangoja, na walikuwa wamekaa wakigonga karatasi wakiamini kwamba siku moja itajibu. Akamwomba Mungu, kwa sauti, aifanye mashini hii isimtie haya mbele yao.

Baada ya misa wakaja wote, na wazazi wao madirishani. Walikuwa wananong'ona Kibangubangu, yeye hasikii hata neno, lakini mnong'ono wa hamu hauhitaji mkalimani. Akarudisha alimentation, vis nne. Akachomeka kile kichwa. Betri za paroko zilikuwa zimejaa jua. Akasema Bismillahi, akabonyeza.

Feni ikashtuka mara moja. Ikanyamaza.

Akabonyeza tena. Ikashtuka, ikanyamaza. Kioo cheusi.

Na hapo Faridah akafanya kile ambacho hasira hufanya inapochanganyika na haya: akatafuta mtu. "Dady! Njoo hapa! Nilikuambia nini juu ya mashimo? Nilikuambia nini?"

"Mama, mimi nilipita pole pole, kama mutu anabeba mayai."

"Mayai gani! Umeiua! Umeua darasa ya watu!"

Dady alimtazama, akatoka, akaenda kukaa karibu na pikipiki yake. Magloire alikuwa ameshika kichwa. Faridah akajua moyoni kwamba ubao umeungua, na ubao mwingine hakuna, na kesho ni Jumatatu. Akashika kitambaa chake cha kichwa akitaka kumwambia kila mtu arudi nyumbani. Hakuna aliyeinuka. Ishirini na wawili, wameketi, wanamtazama.

Msichana wa mbele akanyoosha mkono. Esther-Divine, ndilo jina lililokuwa kwenye ile katoni iliyotoboka. "Mama, kama haiwaki, utufundishe tu majina ya vitu. Kesho inspekteri akituuliza, tutajibu hata kwa mudomo."

Wee! Mtu unamwambia nini mtoto kama huyu? Faridah akavuta pumzi. Akawaita karibu na meza, akafungua vis, akaanza kuwaonyesha: hiki ni hiki, hiki kinafanya hivi. Akautoa ubao, akauinua juu ili nuru ya dirishani ipite katika matundu.

"Haya ndiyo matundu yake. Watu waliopiga ubao huu na watu waliochonga kasha hii hawajuani. Lakini hesabuni matundu."

Wakahesabu kwa sauti moja: "Moja, mbili, tatu, ine, tano, sita."

"Sasa hesabuni miguu ndani ya kasha. Muone vile walisikilizana."

"Moja, mbili, tatu, ine, tano, sita, saba."

Wakadhani wamekosea wao, watoto wa watu, wakaanza upya. Saba. Faridah alikuwa amesimama na ubao mikononi. Kijiguu cha saba. Kile chake. Alikiweka yeye mwenyewe kwa kuogopa barabara, mahali ambapo ubao hauna tundu, na chuma kikagusa mgongo wa ubao panapopita umeme. Alishona gauni akaacha pini ndani yake, kisha akamtukana aliyelibeba.

Akawaambia yote, bila kupunguza. "Ni mimi. Si barabara, si Dady. Ni mimi, niliongeza muguu watu wale hawakuomba." Akatoka nje, darasa zima likimfuata kwa macho, akaenda mpaka kwenye pikipiki. "Dady, mwanangu, nimekukosea mbele ya watu, nakuomba musamaha mbele ya watu."

Dady akakwaruza udongo kwa kidole cha mguu. "Haina neno, mama. Lakini mayai nilibeba kweli."

Watu wakacheka, hata madirishani. Faridah akarudi ndani akakitoa kijiguu kile, akakitia mfukoni. Akarudisha ubao juu ya vijiguu vyake sita. Magloire akamshikia bisibisi. Kama umeungua, umeungua. Akabonyeza.

Feni ikashtuka. Ikaendelea. Kioo kikabaki cheusi kwa muda ambao Faridah hatausahau, halafu kikatoa mstari mweupe, na mwingine, kikajaa nuru.

Hakuna aliyepiga kelele. Walisimama. Wanafunzi wa huku husimama mkubwa akiingia darasani, ndivyo walivyofundishwa, na hakuna aliyewaamuru siku ile. Walisimama wote ishirini na wawili, mikono ubavuni, wanatazama.

Faridah alikuwa analia wazi wazi, hajali. Sasa alielewa ule mshtuko wa feni. Alimentation ilionja umeme ukienda njia mbaya, ikajizima yenyewe kabla haijaua ubao. Mara mbili alibonyeza, mara mbili ikamkatalia. Basi kulikuwa na mtu, mahali fulani, miaka fulani, aliyekaa mezani kwake akawaza: siku moja atatokea fundi, kwa pupa au kwa woga, ataweka chuma mahali pasipo pake, nami sitaki apoteze kitu chake. Hakumjua Faridah, wala Wamaza hakuijua. Na alikuwa amemtunza.

Inspekteri Marcellin alifika Jumatatu asubuhi, mtu mrefu mwenye miwani na mkoba wa ngozi. Akatazama mashini ikiwaka, akaizima mwenyewe, akaiwasha mwenyewe. Akampa Esther-Divine imla. Msichana akaketi, vidole vikaenda vyenyewe, bila kutazama chini, na kila alipogonga herufi ikatokea kweli, naye kila mara alishtuka kidogo kwa furaha. Inspekteri akatoa fiche.

"Marque ya mashini?"

Magloire akatazama kasha. "Bwana inspekteri, kusema kweli... haina."

"Mashini bila marque? Nikiacha wazi, huko juu watarudisha fiche. Na ikirudi, tarehe imepita."

Faridah akainuka kutoka benchi la nyuma, mdomo tayari, lakini Esther-Divine akamtangulia. Akafungua ubavu wa kasha, akaeleza kwa adabu: kasha lilitoka Salamabila, ubao kwa paroko, alimentation kwenye gunia la Kalemie, na kila kimoja kina nchi yake ya kuzaliwa, akazisoma pale zilipoandikwa.

"Na viliingiana namna gani?" akauliza inspekteri.

"Walisikilizana juu ya kipimo, bwana."

"Nani?"

"Wenye kuvitengeneza. Wengi. Sisi tulikuwa hatujazaliwa."

Inspekteri akavua miwani, akainama, akatazama ndani. Akanyoosha kidole akahesabu vis polepole, midomo ikicheza. Alikaa vile muda mrefu kuliko kazi inavyotaka. Kisha akarudi mezani, akaandika, akageuza karatasi upande wa Faridah ili atie sahihi. Penye marque alikuwa ameandika: *Faridah Bulaimu, Kasongo*.

"Hapana, bwana inspekteri, futa," akasema Faridah. "Huo utakuwa uongo. Mimi nimeingiza vis tu, na hata hizo nilikosea. Kazi iko ya wale."

"Mama, fiche inataka jina moja la mutu wa kujibu. Wale, uko unajua majina yao?"

Faridah, mwenye mdomo ambao Kasongo nzima inauogopa, akatazama tena zile nchi zilizoandikwa ndani ya kasha. Hakulijua jina hata moja. Akachukua kalamu, akasema Bismillahi, akatia sahihi kwa niaba yao wote.